Mpaka wa Shingoni

Ipo nchi ambayo ramani yake haianzi mtoni wala mlimani, huanzia shingoni mwa mtu. Wenyewe huiita Tengano. Habari zake tunazo kwa sababu ya Mwasiti, mpima ardhi, mwanamke wa makamo aliyejifunza kazi kwa kumbebea mnyororo mpimaji mmoja mkongwe, na baadaye kwa kusoma vitabu ambavyo mkongwe huyo alimwachia. Hakuwa msemaji. Alikuwa na mazoea ya kupima kila kitu mara tatu, kwa siku tatu zilizoachana, kabla ya kuandika kwa wino. Yaliyotokea Tengano yalitokea kwa ajili ya mazoea hayo, wala si kwa akili iliyowazidi wenyeji.

Kila raia wa nchi ile huvaa utepe mwembamba wa pamba shingoni tangu siku ya saba ya kuzaliwa, na huzikwa nao. Utepe huo ndio mpaka. Kilicho juu yake kiko chini ya Idara ya Juu, na kilicho chini yake kiko chini ya Idara ya Chini. Kila idara ina waganga wake, shule zake na makabati yake ya majalada. Mtoto anapofungwa utepe wa kwanza, karani wa Juu huuvuta kwenda chini ili aongeze eneo, na karani wa Chini huuvuta kwenda juu kwa sababu hiyo hiyo. Huvutana hivyo mpaka mtoto alie. Akilia, hapo hapo hufungwa.

Baraza la nchi lilimwita Mwasiti kwa kuwa Idara ya Chini ilikuwa imelalamika. Ilidai kwamba kwa miaka mingi tepe za raia zimekuwa zikiteremka, na kwamba Idara ya Juu imeshajinyakulia upana wa vidole viwili vya ardhi isiyo yake. Akatakiwa mgeni asiye na upande, apime shingo za watu mia tatu, aseme kweli. Mwasiti alikuwa amepima mashamba, vinamasi na hata makaburi. Shingo hakuwahi, lakini aliona mpaka ni mpaka.

Siku za kwanza alizitumia kutazama. Aliandika katika daftari lake kwamba watu wa Tengano husalimiana mara mbili. Huulizwa, "Juu hujambo?" wakajibu, kisha huulizwa, "Na chini?" wakajibu tena, na ni utovu wa adabu kutoa jibu moja kwa yote mawili. Aliandika kwamba kabla ya kula hugusa utepe kwa vidole viwili na kusema, "Naomba njia," kwa kuwa kifungu cha nne cha sheria yao kinasema hakuna kitakachovuka utepe ila chakula, maji na pumzi, navyo vivuke kwa heshima. Picha za jamaa waliokufa hutundikwa ukutani katika fremu mbili, moja ya kichwa na moja ya kiwiliwili. Katika nyumba zenye watoto watundu mara nyingi hazilingani, ukamkuta babu mwenye kiwiliwili cha shangazi.

Alisimuliwa pia habari ya mtu aliyekwamwa na mfupa wa samaki. Idara zote mbili zilifika mbio. Wapimaji wakapima, wakakuta mfupa umelala katikati kabisa ya utepe, nusu huku na nusu kule. Wakakaa kushauriana ni nani ampige mgongoni. Mtu yule, baada ya kuwasikiliza kwa muda, aliumeza mwenyewe, na mpaka leo ana kesi.

Mwasiti hakucheka. Aliona kwamba hata huko atokako kuna mambo ambayo mgeni angeyaandika hivyo hivyo.

Alipangiwa kukaa kwa Bi Kidawa, mfumaji wa tepe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini na macho yasiyokosa kitu. Mumewe, Bwana Hamduni, alikuwa mfuga nyuki mzee, hodari wa mizaha. Kwa mwaka mzima alikuwa hajaenda kwenye mizinga yake, kwani alikuwa na ugonjwa wa sukari na kidonda chini ya unyayo wa kulia ambacho kilikataa kufunga. Idara ya Chini ilikuwa imekwisha kuamua. Mguu ungekatwa chini ya goti, na siku ilikuwa imeandikwa: siku ya ishirini na mbili tangu Mwasiti aingie nyumba ile.

Jambo hilo lilikuwa zito, lakini katika nyumba ile lilikuwepo lingine lililokaa mezani kama mgeni wa pili. Hamduni alikuwa akimeza dawa zake za sukari bila kukosa. Alikuwa ameacha wali wa jioni, ameacha chai ya maziwa, ameacha hata ndizi mbivu. Pamoja na hayo, kila baada ya wiki kadhaa sukari yake ilipanda ghafla kama chungu kinachofurika. Waganga wa Chini, ambao si wajinga, walitafuta sababu, wakaikosa, nao wakaandika sababu iliyobaki: mgonjwa ni mfuga nyuki, mgonjwa anakula asali kwa siri. Kidawa alisomewa maneno hayo mara nne. Mara ya kwanza alimtetea mumewe. Mara ya pili alinyamaza. Baada ya mara ya tatu alihamishia mitungi ya asali kwa dada yake, na baada ya ya nne alianza kunusa vidole vya mumewe akiwa amelala.

"Miaka thelathini na moja ya ndoa," Hamduni alimwambia Mwasiti siku ya tatu, Kidawa akiwa uani akianika nyuzi. "Sasa ananinusa kama fisi anavyonusa kibuyu. Nami sijala, dada yangu. Afadhali ningekuwa nimekula."

Mwasiti alimwambia ainue kidevu, kwa kuwa alikuwa anataka kuanza kazi na shingo ya nyumbani.

Shingo za Tengano zilipimika vizuri kuliko mashamba. Alipima mzingo, akapima umbali kutoka utepe hadi kidevu, akapima hadi mfupa wa bega, na kila shingo aliirudia mara tatu kwa siku zilizoachana. Wiki ya pili ilipokwisha alikuwa na shingo mia mbili na arobaini, na vipimo vitatu vya kila moja vilikubaliana, pengine tofauti ikawa unene wa uzi. Moja tu ilikataa. Shingo ya Hamduni mara ya kwanza ilikuwa sentimita thelathini na nane. Mara ya pili ilikuwa arobaini kasoro kidogo. Mara ya tatu ilikuwa arobaini kamili, na upande wa kushoto, chini ya taya, utepe ulikuwa umezama katika nyama.

Mpimaji akikuta jiwe la mpaka limehama, hamlaumu mwenye shamba kwanza. Huuliza mvua ilinyesha lini. Mwasiti aliketi karibu na mzee, akamuuliza hapo panauma tangu lini.

Hamduni alitazama mlangoni kabla ya kujibu. Alisema ni gego, la mwisho, la chini kushoto. Lilianza mwaka jana. Huvimba, likamnyima usingizi siku tatu nne, kisha likatulia lenyewe. Alikuwa amekwenda Idara ya Juu, wakamwandikia kwamba linaweza kusubiri, maana huko jino lisilozuia mtu kusema huhesabiwa kuwa linaweza kusubiri. Akawa anatafuna kwa upande wa kulia. Akipiga mswaki fizi hutoka damu, basi akapunguza kupiga mswaki.

"Na linatuliaje?" Mwasiti aliuliza.

Mzee alitazama tena mlangoni, akapunguza sauti.

"Linapasuka," alisema hatimaye. "Kwa ndani. Kinakuja kitu kichungu, chenye chumvi. Nami nakimeza."

Alilisema hilo kama mtu anayekiri wizi, na kwa sheria ya Tengano ulikuwa ni wizi. Usaha si chakula, si maji, wala si pumzi. Aliyeuvusha chini ya utepe amefanya magendo, na adhabu yake ni kuvaa utepe mweusi kwa mwaka mmoja, haalikwi harusini, na wanaomsalimia humsalimia juu tu. Kwa hiyo Idara ya Juu ilipomuuliza kama jino linatoa usaha, Hamduni alisema halitoi. Idara ya Chini haikumuuliza. Neno "jino" halimo katika fomu zake.

Mwasiti aliandika, kisha akafunga daftari. Hakuwa mganga, na aliogopa kujifanya mganga. Alijua jambo moja tu la maji: kijiji kikiugua matumbo, mpimaji mwenye busara hupanda kwenda kutazama chemchemi. Lakini mtu si mto, alijiambia, na kufanana si ushahidi. Alitaka tarehe.

Zilibaki siku nane. Alikwenda kuomba majalada mawili ya Hamduni, la Juu na la Chini, ayaweke pamoja. Makarani wa pande zote walimpokea kwa upole na kumkatalia kwa maneno yale yale: majalada ya mtu mmoja hayawezi kulala juu ya meza moja. Akaomba kufika mbele ya Baraza.

Baraza la Tengano hukutana katika ukumbi wenye ghorofa. Wajumbe wa Juu hukaa juu na wa Chini hukaa chini, na mwenyekiti, ambaye wakati huo alikuwa Mzee Shomvi, mtu mwenye subira ya ajabu, huketi kwenye ngazi. Siku hiyo walikuwa wakiendelea na mjadala wa mate. Swali lilikuwa hili: mate ni ya nani? Yakiwa mdomoni ni ya Juu, yakimezwa ni ya Chini, lakini hayamo katika vitu vitatu vya kifungu cha nne, kwa hiyo kila mtu mwaminifu nchini humo ni mvunja sheria mara elfu kwa siku. Mjadala ulikuwa na miaka kumi na saba. Mjumbe mmoja mwangalifu alikuwa na kopo pembeni mwake, akitema. Wengine walikuwa wakimeza na kuendelea kusema.

Mwasiti alisubiri zamu yake, akauliza kama kuna vitu vingine vinavyovuka utepe visivyotajwa. Alitaja damu.

"Damu ya juu huzunguka juu, na damu ya chini huzunguka chini," Mzee Shomvi alimjibu. "Jambo hilo halijawahi kuletewa pingamizi."

"Limewahi kupimwa, mwenyekiti?"

Pande zote mbili za ukumbi zikaanza kunong'ona. Mjumbe wa Juu alisimama kusema kwamba mgeni ameitwa kupima tepe, si damu. Mjumbe wa Chini akamuunga mkono, na ilisemekana baadaye kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza pande hizo kuungana tangu ukumbi ujengwe. Mwasiti hakubishana nao. Alisema anakubali, wala haombi kupima damu. Anachoomba ni kile ambacho mkataba wake unampa, yaani kusimama mpakani, kwa kuwa kuna shingo moja yenye mashaka. Aliwaomba waruhusu shingo hiyo ipimwe mahali ambapo idara zote mbili zipo, kila moja upande wake, na kila moja isome kwa sauti kumbukumbu zake, ili yeye mpimaji aandike mpaka ulikuwa wapi siku gani. Hakuna jalada litakalogusa jalada.

Mzee Shomvi alipekua sheria mbele nyuma. Hakukuwa na kifungu kinachokataza idara kusikiana. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kingehitajika.

Hapa inafaa kueleza nyumba yao ya tiba. Ni jengo refu lililogawanywa na ukuta mmoja kwa urefu wake wote, na ukuta una matundu. Mgonjwa huketi kwenye kiti upande wa Chini, mganga akiwa bado hajaingia, akapitisha kichwa katika tundu, na tundu likazibwa kwa sufi kuzunguka shingo. Kichwa chake kinakuwa katika chumba kimoja na mwili wake katika kingine. Milango ya vyumba hivyo inatazama mitaa miwili tofauti. Mganga wa Juu huona uso ulioota ukutani, akatazama macho, masikio na meno. Mganga wa Chini huona mtu asiye na kichwa, akampima na kumtibu. Ni nadhifu sana, na foleni zao ni fupi. Mwasiti aliandika hivyo kwa haki, kwa sababu ilikuwa kweli.

Zikiwa zimebaki siku sita, Hamduni alipitisha kichwa chake. Kidawa aliketi upande wa Chini, mahali pake pa siku zote, karibu na vipimo. Mwasiti aliomba sufi itolewe ili kamba yake ipate kuzunguka shingo, na sufi ilipotoka, vyumba viwili vilianza kusikiana kupitia upenyo wa upana wa kiganja.

Upande wa Juu alikuwepo Tabibu Zuwena, mwanamke mnene mtaratibu ambaye mikono yake ilinukia karafuu. Upande wa Chini alikuwepo Daktari Tindwa, mkavu, mwenye sauti nzito, aliyekuwa akimtibu Hamduni kwa miaka tisa. Kila mmoja alikuwa na jalada mkononi. Mwasiti alisimama kwenye mlango mdogo wa wafagiaji uliokatwa ukutani, ambao waganga hawaruhusiwi kuupita, mahali pekee ambapo mtu anaweza kuona pande zote mbili, akawaomba wasome mmoja baada ya mwingine.

"Tarehe tatu, mwezi wa Pili," Zuwena alianza. "Gego la mwisho chini kushoto. Ufizi umevimba. Mgonjwa anasema hakuna usaha. Linaweza kusubiri."

"Tarehe tano, mwezi wa Pili," sauti ya Tindwa ilisema kutoka upande wa Chini. "Sukari imepanda hadi kumi na saba. Kidonda kinatoa maji. Mgonjwa ameonywa kuhusu asali."

"Tarehe kumi na tisa, mwezi wa Nne. Gego lile lile. Uvimbe, na fizi za pande zote zinatoka damu. Linaweza kusubiri."

Karatasi ilifunuliwa upande wa pili. "Tarehe ishirini na moja, mwezi wa Nne. Sukari kumi na tisa. Kidonda kimepanuka. Mgonjwa ameonywa mara ya pili, mkewe yupo."

Walisoma hivyo mara nne. Kila mara taya ilivimba kwanza, na sukari ikafuata baada ya siku mbili au tatu. Kufikia ya nne Zuwena alikuwa hasomi tena kwa sauti ya kazi, alisoma polepole kama anayesoma barua ya msiba. Tindwa akamaliza la kwake. Tarehe zilikuwa zimesema, na Mwasiti hakuona haja ya kuziongezea.

Zuwena aliinama hadi uso wake ukakaribiana na uso wa mgonjwa. Alimuuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli jino halitoi usaha.

Hamduni alifumba macho. Alijua mkewe yuko upande wa pili anasikia, na karani wa Juu ameketi pembeni na kalamu yake.

"Linatoa," alisema. "Limetoa mwaka mzima. Nimekuwa nikimeza. Andikeni utepe mweusi mkipenda, lakini asali sijala."

Kalamu ya karani haikusogea.

"Ndugu wa upande wa pili," Zuwena aliita kupitia upenyo. Hakujua amwite kwa cheo gani, kwa kuwa hawakuwahi kuitana. "Jipu huweza kupandisha sukari?"

"Jipu lolote," Tindwa alijibu. "Nayo sukari hulilisha, likazidi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Ndiyo maana nililitafuta. Nimemkagua mtu huyu mara saba, mwili mzima, sikuona jipu."

"Mwili mzima?"

Mwasiti aliona kutoka mlangoni jinsi Tindwa alivyokuwa akitazama utepe wa mgonjwa wake, mahali ambapo kazi yake ilikuwa ikiishia kila siku.

"Kuanzia kwenye utepe," alisema. "Kushuka."

Baada ya hapo waliacha kumkumbuka mpimaji. Zuwena alitaka kulitoa jino, lakini aliogopa kuligusa bila kujua sukari imefika wapi, akauliza. Na Tindwa akapima, akajibu. Tindwa akasema lazima mgonjwa ameze dawa ya kuua vijidudu, lakini Juu hakuna dawa za kumeza, kuna za kusukutua tu. Basi vidonge vilipitishwa na mkono wa Tindwa kwenye upenyo, kando ya sikio la Hamduni, na mkono wa Zuwena ukavipokea. Siku ile alifungua ufizi na kuutoa usaha. Siku ya tatu, sukari iliposhuka kidogo, aliling'oa gego kwa koleo, na Hamduni, akiwa na ganzi ya nusu uso, alisema kwa ulimi mzito kwamba nyuki huuma kidogo kuliko hapo. Kesho yake Zuwena alikwangua ugaga uliojengeka mashinani mwa meno yaliyobaki, akamfundisha kupiga mswaki hata kama damu inatoka, kwa sababu fizi hutoka damu kwa kuachwa na si kwa kusafishwa.

Mwasiti alipeleka taarifa yake barazani. Ilikuwa fupi. Ilisema tepe za Tengano hazikuteremka kwa hila ya mtu yeyote, bali pamba hulegea ikifuliwa. Mwishoni aliongeza kwamba, katika kupima shingo moja yenye mashaka, vitu vifuatavyo vilionekana vikivuka mpaka: sauti, vidonge, ugonjwa, na aibu. Wajumbe walijadili kama taarifa hiyo ihifadhiwe juu au chini. Mwisho walikubaliana iwekwe kwenye ngazi, karibu na kiti cha mwenyekiti, mpaka suala la mate litakapokwisha.

Nyumbani, Kidawa aliendelea kufuma. Tangu siku ya majalada hakuwa amenusa vidole vya mumewe, lakini pia hakuwa amesema neno. Hamduni hakumlazimisha. Alimwambia Mwasiti kwamba mtu aliyeambiwa uongo na mganga mara nne hawezi kuuacha kwa siku moja, na kwamba pengine yeye mwenyewe angekuwa Kidawa angefanya yale yale. Aliyasema bila mzaha, akiugusa kwa ulimi upande ule wa taya, ambapo sasa palikuwa patupu.

Siku ya ishirini na mbili ikafika. Walikwenda wote watatu. Hamduni alipitisha kichwa, na Zuwena hakurudisha sufi shingoni, wala karani hakumkumbusha. Kidawa aliketi upande wa Chini. Mwasiti alisimama mlangoni pa wafagiaji, ingawa kazi yake ilikuwa imekwisha na hakuwa na ruhusa ya kuwapo.

Tindwa alifungua bendeji. Alitazama unyayo kwa muda, akabonyeza kingo za kidonda, akabonyeza tena. Nyama ya pembeni ilikuwa nyekundu safi mahali ambapo wiki iliyopita ilikuwa ya kijivu. Sukari ilikuwa tisa. Alisema kidole kidogo cha mguu kimekwisha kufa, hicho hakiokoki, kitatoka leo. Mguu unabaki. Aliongeza kwamba hawezi kuahidi la mwakani. Sukari ni ugonjwa wa maisha na kidonda bado ni kidonda. Lakini leo mguu unabaki.

Kisha alifuta mikono, akatoka.

Kidawa alidhani amekwenda kuchukua vyombo. Mwasiti alisikia hatua zake zikienda kinyume, zikatoka mlango wa mtaa wa Chini, zikapotea. Kulizunguka jengo lile ni mwendo wa kutosha, na hakuna mganga aliyewahi kuwa na sababu ya kulizunguka. Baada ya muda mlango wa upande wa Juu ulifunguliwa, akaingia mtu mkavu, mrefu, anayehema, aliyesimama mbele ya uso uliotokeza ukutani akautazama kama mtu anayesoma jina lililofutika.

"Wewe ndiye Hamduni," alisema.

Mzee aliitambua sauti. Alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa sababu naye hakuwahi kumwona.

"Miaka tisa nilidhani una ndevu," alisema.

Tindwa alijishika kidevu. Ilionekana kwamba alikuwa amepanga maneno njiani na sasa yamemtoka. Alisema kwamba ameandika katika jalada kwamba mgonjwa anakula asali kwa siri, ameandika hivyo mara nne, na mara zote nne amekosea. Alisema atayafuta, lakini kufuta hakutoshi, ndiyo sababu amezunguka.

Hamduni alitaka kugeuza kichwa, tundu likamzuia.

"Mimi nilikuwa najua, daktari," alisema. "Mwambie aliye upande wa pili."

Tindwa alipiga magoti sakafuni, akaweka mdomo karibu na upenyo, kando ya utepe, na kuyasema tena yote, tangu mwanzo, akimtaja Kidawa kwa jina.

Hakuna jibu lililorudi. Zuwena alishusha mikono yake. Mwasiti, ambaye kutoka pale mlangoni angeweza kuona pande zote mbili, aliona ni vyema ageuke na kutazama nje.

Hamduni alikuwa akisikiliza kwa uso mzima. Kisha mashavu yake yalitetemeka, kwa sababu huko chini, nyuma ya ukuta, kiganja cha mtu kilikuwa kimefunika goti lake la kulia, na kilikuwa kimebaki pale.

"Amesikia," alisema.